Kosacki: mkimbizi aliyeifanya ardhi iseme

KATIKA machimbo madogo ya dhahabu ya ukanda wetu huu, si ajabu siku hizi kumkuta kijana akitembea polepole porini, spika masikioni, mkononi ameshika mti wenye sahani ya duara chini yake. Anaipitisha sahani ile juu ya ardhi, kushoto na kulia, kama mtu afagiaye uwanja. Wenyewe huiita mashine hiyo detekta. Ukimuuliza nani aliyeitengeneza, atakujibu kwa mkato kwamba ni Wazungu.

Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Mzungu aliyeifanya mashine hiyo kuwa kitu cha kubebwa na mtu mmoja na kufanya kazi popote alikuwa mkimbizi. Alikuwa amevuka mipaka ya nchi kadhaa, ameacha ndugu nyuma, na anatumia jina lisilo lake. Nimeona leo niwasimulieni habari zake, hasa ninyi wenzangu mliorudi na ninyi mnaoishi kwa kuvuka mpaka kila wiki, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu.

Mtu huyo ni Józef Kosacki. Alizaliwa Aprili 21, 1909 katika mji mdogo wa Łapy, mji wa reli na karakana za treni, mashariki ya Poland ya leo. Nasema Poland ya leo kwa sababu mwaka ule nchi hiyo haikuwamo kwenye ramani. Majirani watatu, yaani Urusi, Ujerumani na Austria, walikuwa wameigawana zaidi ya miaka 100 kabla, na Łapy ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Poland ilirudi kuwa nchi mwaka 1918, Kosacki akiwa mtoto wa miaka tisa. Kizazi chake ndicho kilichosoma shule za taifa lililofufuka.

Alisoma uhandisi katika chuo kikuu cha ufundi cha Warsaw, akahitimu mwaka 1933. Fani yake ilikuwa mawasiliano: redio, simu na mitambo ya kupeleka sauti mbali. Akaajiriwa katika taasisi ya serikali ya mawasiliano mjini humo. Katika miaka hiyo jeshi la Poland lilikuwa limeagiza kitengenezwe chombo cha kutafutia mizinga iliyoanguka bila kulipuka katika viwanja vya mazoezi ya kulenga shabaha. Kazi hiyo ilianza, lakini haikufika mbali.

Septemba 1, 1939 majeshi ya Hitler yaliivamia Poland. Warsaw ilipigwa mabomu kwa majuma kadhaa. Kosacki, akiwa ofisa wa jeshi mwenye ujuzi wa redio, alikuwa miongoni mwa waliohangaika kuirudisha hewani mitambo ya redio ya mji ule uliozingirwa. Mji ulipoanguka, akashika njia kama walivyoshika maelfu ya wenzake. Alipitia Hungary hadi Ufaransa, ambako Wapoland walikuwa wakijikusanya upya. Mwaka 1940 Ufaransa nayo ikashindwa. Akavuka bahari kwenda Uingereza.

Wanaodhani ukimbizi ni ugonjwa wa Waafrika peke yao wakumbuke miaka hiyo. Maelfu ya Wapoland, wengi wao wanawake na watoto waliotoka katika kambi za Urusi, waliletwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1942. Waliishi Masindi na Koja huko Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako kambi yao ilifikia watu wapatao 5,000. Walijenga shule, kanisa na karakana. Makaburi ya waliofia pale yapo Tengeru hadi leo. Kwa hiyo wakati Kosacki alipokuwa akila mkate wa ugenini huko kaskazini, ndugu zake wa taifa moja walikuwa wakila ugali chini ya Mlima Meru. Ardhi hii imewahi kuwapokea wao kabla haijatupokea sisi.

Askari wa Kipoland waliofika Uingereza walipelekwa Scotland kulinda pwani ya mashariki, kwani ilihofiwa kwamba Wajerumani wangeshukia huko. Waingereza walikuwa wametega mabomu kwenye fukwe hizo. Inasimuliwa kwamba askari wa doria wa Kipoland waliingia kwa bahati mbaya katika eneo lililotegwa, karibu na mji wa Arbroath, wakauawa na mabomu ya rafiki zao wenyewe. Ajali ya namna hiyo huwauma watu kuliko kifo cha vitani, maana haina adui wa kulaumiwa.

Kosacki alikuwa St Andrews, mji wa chuo kikuu kando ya bahari hiyo hiyo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1941 alikaa na mwenzake, Luteni Andrzej Garboś, wakalishughulikia tatizo hilo. Hawakuanzia patupu. Tangu mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alikuwa amejaribu kutumia umeme kuitafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, akashindwa. Katika miaka ya 1930 huko Marekani palikuwa na mashine za kutafutia madini. Kilichokosekana ni chombo ambacho askari mmoja angeweza kukibeba, akakiamini, na kwa imani hiyo akaweka mguu mbele.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, kwa hiyo niruhusuni niieleze kazi yake kama ninavyowaeleza watoto darasani. Chukua mizunguko miwili ya waya wa shaba. Mmoja unaupa umeme unaotetemeka. Wa pili unauunganisha na kikuza sauti na spika za masikioni. Ukiipanga mizunguko hiyo sawasawa, nguvu ya mmoja hukatana na nguvu ya mwingine, na sikioni pakawa kimya. Sasa pitisha chombo juu ya kipande cha chuma au shaba. Kipande kile huvuruga mizani hiyo, ukimya unavunjika, na mlio unasikika. Ni hayo tu. Chombo hakioni kitu. Kinasikia kuwa utulivu umevurugwa.

Chombo cha Kosacki kilikuwa na mti mrefu, sahani ya mizunguko ya waya mwishoni, na mkoba wa betri na vifaa vya sauti mgongoni. Vyote pamoja havikufika kilo 14. Wizara ya vita ya Uingereza ilikishindanisha na vingine kadhaa. Inasimuliwa kwamba moja ya majaribio ilikuwa kutafuta sarafu chache zilizotawanywa katika majani, na kwamba mashine ya Wapoland ndiyo iliyozipata zote. Hivyo basi chombo hiki, kabla ya kugusa bomu hata moja vitani, kilianza kwa kuokota fedha zilizofichwa.

Kosacki hakudai hati ya kumiliki uvumbuzi wala malipo. Alilitoa bure kwa jeshi la nchi iliyompokea. Mfalme George wa Sita alimwandikia barua ya shukrani. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alipona kweli.

Oktoba 1942 jeshi la Uingereza lilijiandaa kuyavunja majeshi ya Wajerumani na Waitaliano huko El Alamein, katika jangwa la Misri. Mbele yao palikuwa na mabomu yapatayo nusu milioni yaliyofukiwa mchangani. Hadi hapo kazi ya kusafisha njia ilifanywa kwa kulala kifudifudi na kuchoma mchanga kwa singe, kidogo kidogo. Mashine 500 za Kosacki zilipelekwa huko. Mwendo wa kusafisha njia ukapanda kutoka mita za mraba 100 hivi kwa saa hadi mita za mraba 200 hivi. Mita za mraba 100 za ziada ni kitu kidogo kwa mtu aliye nyumbani. Kwa mtu aliye katikati ya risasi usiku, ni uhai. Mashine hizo zikaenda tena Sicily, Italia na Normandy. Aina zilizotokana nazo ziliendelea kutumiwa na jeshi la Uingereza hadi mwaka 1995.

Lakini jina la mwenye kazi halikutangazwa. Ndugu zake walikuwa wamebaki Poland chini ya Wajerumani, na kama adui angejua ni nani aliyetengeneza chombo kile, wao ndio wangelipa. Kwa hiyo aliitwa Józef Kos. Alikata jina lake katikati, akalificha nusu ya pili kama mtu afukiaye chungu kabla ya kukimbia. Ndiyo maana hata baadaye vitabu vingine vililikosea jina hilo, vikaandika Kozacki.

Vita vikaisha mwaka 1945. Hapo ndipo ulipoanza mtihani ambao sisi tunaujua. Poland ilikuwa imekombolewa na Urusi, na Wakomunisti ndio walioshika serikali. Askari zaidi ya laki mbili wa Kipoland walikuwa chini ya Waingereza, na wengi waliogopa kurudi. Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1947 ya kuwapa makazi waliotaka kubaki. Wapo waliobaki kwa sababu nzuri kabisa, na hakuna haki ya kuwalaumu. Wapo waliorudi wakakuta nyumba ina watu wengine, na serikali inawatazama kwa jicho la mashaka.

Kosacki alirudi. Alirudi Warsaw, mji uliokuwa kifusi, bila hati ya uvumbuzi na bila utajiri. Alichobeba kilikuwa kichwani. Alifanya kazi ya vifaa vya elektroniki na vya nyuklia, ikiwemo katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Świerk karibu na Warsaw, na akawa profesa katika chuo cha ufundi cha jeshi. Yaani alirudi akawa mwalimu.

Hapo naomba niseme langu. Nilikimbia mwaka 1993 nikiwa na miaka 12, nikasomea katika kambi za mkoa wa Kigoma. Niliporudi mwaka 2008 na vyeti vyangu, ofisi moja ilivigeuzageuza karatasi zile kama noti bandia. Nilizungushwa miezi mingi. Lakini fizikia niliyofundishwa chini ya turubai haikuhitaji muhuri wa mpakani, na ndiyo ninayofundisha hadi leo. Kila aliyerudi ana mali ya namna hiyo, awe fundi, mkunga au mfanyabiashara aliyejifunza lugha tatu sokoni.

Tumrudie Kosacki. Wakati yeye anafundisha Warsaw, mashine za aina yake zilikuwa zimepata kazi ya pili. Baada ya vita majeshi yaliuza vifaa vya ziada kwa bei rahisi. Raia wa Uingereza na Marekani wakazinunua mashine za kutafutia mabomu, wakaanza kuzunguka nazo mashambani na ufukweni siku za mapumziko, kwa kujifurahisha tu, kutafuta sarafu na vitu vya kale. Baadaye mashine zikawa nyepesi na rahisi. Leo hii huko ni mchezo wa watu wengi, kama kwetu mpira au bao.

Wengi wao huokota misumari, vifungo vya makoti na vizibo vya chupa. Lakini siku nyingine ardhi husema kweli. Novemba 16, 1992, katika kijiji cha Hoxne mashariki ya Uingereza, mzee mmoja alikwenda na mashine kumtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani. Akakuta sarafu za Kirumi. Badala ya kuchimba hadi mwisho, aliacha, wakatoa taarifa, na wataalamu wa mambo ya kale wakaja kufukua kwa utaratibu. Zilipatikana sarafu 14,865 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na vijiko na mapambo yapatayo 200. Serikali ililipa pauni milioni 1.75, na mgunduzi akagawana na rafiki yake mwenye nyundo. Nyundo yenyewe nayo ilipatikana, ikawekwa makumbusho pamoja na dhahabu.

Sasa tujiulize, nani alifukia mali ile? Sarafu zenyewe zinaonyesha kuwa ilifukiwa baada ya mwaka 407, wakati utawala wa Kirumi ulipokuwa ukiondoka katika kisiwa hicho na usalama ukiondoka nao. Ilikuwa imepangwa vizuri ndani ya sanduku la mti. Hakuna aachaye utajiri wa namna hiyo kwa kusahau. Mtu hufukia kwa sababu anakusudia kurudi.

Wasomaji wangu mnajua. Baba yangu alifukia cherehani na majembe mawili nyuma ya migomba usiku ule wa kuondoka. Tuliporudi, mgomba haukuwepo, lakini aliipima hatua kutoka kwenye jiwe akapata mahali. Cherehani ilikuwa imeliwa na kutu, limebaki gurudumu. Majembe yalifaa. Jirani zetu wa upande wa pili wa kijito nao walifukia vyao, wakafuata njia nyingine, na hawakurudi. Hadi leo hakuna ajuaye walipima kutoka kwenye jiwe lipi. Kwa hiyo ninaposoma habari za hazina iliyogunduliwa, huwa naanza kwa kumfikiria yule ambaye hakurudi kuichukua, ndipo nifikirie pauni.

Hili lina mafundisho mawili kwa watu wa mpakani. La kwanza ni la usalama. Mashine inasikia chuma. Haijui kama ni sarafu, jembe au bomu. Nchi zetu zimepita katika vita, na magruneti yaliachwa vichakani. Vijana wanaookota vyuma chakavu kuuza kwa kilo wasigonge kitu wasichokijua, wasikitupe motoni, wakiache hapo hapo na kuita wahusika. Hata wataalamu wanajua mipaka ya chombo hiki, maana hulia kwa kila msumari. Ndiyo sababu huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wanafundishwa panya buku wanusao baruti yenyewe bila kujali chuma. Panya hao walisaidia kusafisha Msumbiji, iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015.

La pili ni la sheria na la akili. Katika nchi zilizokuwa chini ya Wajerumani, yaani Tanzania, Rwanda na Burundi, kuna maneno mengi juu ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa. Ni kweli kwamba mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Tabora. Ziko makumbusho na kwa wakusanyaji. Lakini kutokana na ukweli huo mdogo matapeli wamejenga biashara kubwa: ramani za kuuza, mashine za kukodi, rupia za bati, na mganga wa kuondoa mzimu unaolinda sanduku. Mfanyabiashara aliyeuza mitumba mwaka mzima anapoteza mtaji kwa usiku mmoja. Isitoshe, mambo ya kale yana sheria. Tanzania inayo tangu mwaka 1964, Kenya ilitunga yake mpya mwaka 2006. Hata kwao Kosacki, Poland, mwaka 2018 kutafuta vitu vya kale kwa mashine bila kibali kulifanywa kosa la jinai. Uingereza yenyewe, chini ya sheria ya hazina ya mwaka 1996, aliyepata hazina hupewa siku 14 kutoa taarifa. Yule mzee wa Hoxne alitajirika kwa kusema, hakutajirika kwa kuficha.

Józef Kosacki alifariki Warsaw Aprili 26, 1990, akiwa na miaka 81. Mwaka mmoja kabla, utawala wa Wakomunisti ulikuwa umeanguka, kwa hiyo aliwahi kuuona mlango ukifunguka. Alizikwa kwa heshima za kijeshi. Mwaka 2005 taasisi ya uhandisi wa jeshi mjini Wrocław ilipewa jina lake, jina kamili, si ile nusu aliyoitumia ugenini.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kosacki alifukia jina lake ili ndugu zake wapone, akaishi hadi akarudi kulifukua mwenyewe. Wengi hawakuipata bahati hiyo, wa Hoxne na wa kijito chetu. Sisi tulioipata tuna deni: watoto wetu waonyeshwe jiwe tulilopimia hatua, na wenzetu ambao hawajafika watunziwe mahali pao, pasije pakapandwa migomba ya mtu mwingine.